Kripto kwenye tamko la mali: kuuliza na kukagua

Ukiandaa fomu ya tamko la mali kwa viongozi wa umma, usiulize thamani ya kripto (sarafu za kidijitali kama Bitcoin) peke yake. Bei hubadilika usiku na mchana, na mtu atakuchagulia siku iliyomfaa. Uliza idadi ya sarafu kwa saa moja inayowabana wote, mathalani 31 Desemba saa sita mchana UTC (saa ya kimataifa). Kisha jina la sarafu, ilinunuliwa au ilitolewa bure, na inakaa wapi. Mwenza na watoto wanaomtegemea waingie humo humo. Tokeni za ahadi pia, yaani sarafu za mradi ambazo mtu ameahidiwa: mshauri wa mradi anaweza kupewa tokeni zinazofunguka kidogo kidogo kwa miaka, leo pochi tupu, maslahi yapo.

Aliyeweka sarafu kwenye soko la kubadilishia apakue taarifa ya akaunti mbele ya mkaguzi. Picha ya skrini msiipokee.

Pochi binafsi, yaani programu au kifaa ambamo mtu hushika mwenyewe funguo za sarafu zake, ndiyo yenye kazi. Pochi nyingi za Bitcoin hutoa anwani (namba ya kupokelea sarafu) mpya kila mara, na chenji ya muamala hurudi kwenye anwani nyingine kabisa, kwa hiyo anwani moja inaweza kusoma sifuri huku mali imehamia chumba cha pili. Ombeni ufunguo mkuu wa umma, ule ambao kwa kawaida huanza na xpub au zpub. Unaonyesha anwani zote za akaunti hiyo, ila hauwezi kutoa hata senti. Halafu mpeni mwenye pochi sentensi yenye tarehe ya leo na namba ya jalada, aitie saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa mojawapo ya anwani hizo, kuonyesha kwamba anaimiliki. Maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi msiyaombe kamwe, hata kwa bahasha iliyofungwa; mwenye maneno hayo anaweza kuchukua sarafu zote, na zikiibwa, mshukiwa wa kwanza ni ofisi yenu.

Saini haithibitishi kwamba hana pochi nyingine. Hiyo itafuteni kwenye taarifa za benki, penye malipo ya kwenda kwenye masoko ya kripto. Daftari la matamko linalosomwa na umma lionyeshe sarafu na idadi tu. Anwani zikitangazwa, majambazi watajua pa kubisha hodi.

Kuhusu mgongano wa maslahi, Ofisi ya Maadili ya Serikali ya Marekani ilikata shauri mwaka 2022: mtumishi mwenye kripto, hata kidogo namna gani, asishiriki jambo linaloweza kugusa bei yake. Msamaha wanaopewa wenye hisa chache za kampuni haumhusu. Sisi tungeanzia hapo: auze, au ajiondoe kwa maandishi kabla jalada halijafika mezani. Kumkabidhi kaka yake sarafu hizo si kuuza.