Soma kibati kabla ya mwaka: namna ya kukagua Toyota Camry kizazi kwa kizazi

Mtu akiniambia anataka Camry ya mwaka 2009, namwuliza: yenye injini gani? Wengi hushangaa, maana wanaona wameshataja kila kitu: jina, mwaka, rangi, kilomita. Mimi kazi yangu ni kukagua magari kabla hayajanunuliwa, na kwa gari hili mwaka ndio taarifa dhaifu kuliko zote. Camry mbili zinaweza kuwa na taa zilezile, siti zilezile na mwaka uleule, lakini moja inakula oili na nyingine haiongezwi hata tone kati ya sevisi na sevisi. Ukitaka kujua ipi ni ipi, fungua boneti usome kibati.

Kibati hicho kimepigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Tafuta palipoandikwa MODEL. Herufi za mwanzo zinataja familia ya injini, tarakimu zinataja kizazi. SXV ni injini ya 5S-FE. MCV ni V6, yaani injini ya silinda sita, ya familia ya MZ. ACV ni ya familia ya AZ, GSV ni V6 ya GR, na ASV ni ya familia ya AR. Kwa hiyo ACV40 ni Camry ya kizazi cha XV40 yenye 2AZ-FE, na ASV50 ni ya XV50 yenye 2AR-FE. Haibridi, yaani zinazotumia petroli na umeme, zina herufi zake: AHV40, AVV50, AXVH70. Yakariri haya kabla ya kwenda kuona gari lolote. Yana faida kuliko kuyakariri maelezo yote ya tangazo.

Vizazi vya zamani nitavipitia haraka. Camry inayovutwa na magurudumu ya mbele ilianza 1982, ikiwa bado gari dogo. XV10 ya 1991 ndiyo iliyoipandisha daraja: bodi ilipanuka hadi milimita 1,770, upana ambao Japani uliitoa kwenye kundi la magari madogo. XV20 ilifuata 1996. Leo zote mbili ni magari ya mtu anayependa magari, si ya familia inayotaka kusafiri bila kufikiria gari. Ukikutana na iliyotunzwa, 5S-FE ya lita 2.2 ni injini ya kuaminika. Inatumia mkanda wa taiming unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na mkanda ukikatika gari linazima tu, valvu hazigongani na pistoni. Jambo la kuangalia kwenye XV20 ni tope la oili. Mwaka 2002 Toyota iliongeza muda wa kugharimia injini za 5S-FE na 1MZ-FE za miaka ya 1997 hadi 2002 kwa sababu oili ilikuwa inaganda ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika kwa tochi. Ukiona ute mweusi umekaa juu ya vyuma kama lami, funga uondoke.

XV30 ilitoka 2001 ikiwa na 2AZ-FE ya lita 2.4, yenye cheni ya taiming badala ya mkanda. Hapo ndipo Camry ilipoanza kuwa na nafasi ya kweli nyuma: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulifika milimita 2,720, kutoka 2,670 za XV20. Ubaya wake umejificha nyuma ya injini. Bloku ya 2AZ-FE ni ya alumini, na nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi, hasa za upande wa ukuta wa abiria, huweza kulegea na kung'oka. Gasketi ikikosa mbano, maji ya rejeta yanaanza kuvuja kidogokidogo mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Ingiza tochi na kioo kidogo nyuma ya injini, angalia pale hedi inapokutana na bloku. Utando wa rangi ya waridi au mweupe uliokaukia hapo unatosha kukufanya uachane na gari. Muulize mwenye gari pia mara ya mwisho aliongeza maji lini, na umwache ajibu kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa XV40, ya 2006 hadi 2011. Hapa naomba utulie, kwa sababu hiki ndicho kizazi kinachowavutia watu wengi kwa umbo na bei, na ndicho kinachowaumiza wengi.

2AZ-FE iliyokuja na XV40 ina tatizo linalojulikana. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, na ringi za oili zinanata kwenye mifereji yake. Oili haikwanguliwi vizuri kutoka kwenye kuta za silinda, inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Toyota yenyewe ililikubali hilo na kuongeza muda wa dhamana kwa Camry za 2007 hadi 2009 huko Marekani, na tiba yake ilikuwa kuweka pistoni na ringi mpya. Yaani kuifungua injini. Anayekuambia oili nzito itamaliza tatizo anazungumzia kupunguza kasi ya oili kuliwa tu.

Halafu kuna sehemu inayowachanganya hata mafundi. Marekani, modeli ya 2010 ilibadilishiwa injini ikawekewa 2AR-FE ya lita 2.5 na gia sita, lakini katika masoko mengine 2AZ-FE iliendelea hadi kizazi kilipoisha. Kwa hiyo unaweza kukuta XV40 ya 2010 yenye 2AR na nyingine ya 2010 yenye 2AZ. Kwa macho ni gari moja. Kibati cha ya kwanza kimeandikwa ASV40, cha ya pili ACV40.

Ukikuta ACV40, fanya hivi. Fika asubuhi na uombe injini isiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa na joto, sema utarudi siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya nusu tayari kuna la kuuliza. Ikiwa safi kabisa na imejaa hadi alama ya juu, usifurahie, maana imebadilishwa karibuni na haikuambii chochote. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi: masizi makavu ni ya kawaida, masizi yenye mafuta mafuta si ya kawaida. Kisha endesha kwenye mteremko mrefu ukiwa umeachia pedeli ya mafuta, na chini ya mteremko ukanyage kwa nguvu, huku mwenzako akiwa kwenye gari la nyuma anatazama. Moshi wa buluu ukitoka pale unapokanyaga, oili imeshapita.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni plagi. Kila koili, ile inayokaa juu ya plagi, imeshikwa na bolti moja ya namba 10, na kuzichomoa zote nne ni kazi fupi. Plagi yenye ganda jeusi au jeupe lililogandamana kwenye ncha inatoka kwenye silinda inayochoma oili. Usiridhike na kipimo cha mgandamizo peke yake. Mgandamizo unashikwa na ringi za juu, wakati ugonjwa uko kwenye ringi ya oili iliyo chini, hivyo injini inaweza kufaulu kipimo hicho vizuri kabisa na bado ikala lita moja kabla ya kilomita 2,000.

Kwenye GSV40, yaani ya V6, injini ya 2GR-FE ya lita 3.5 ni imara na ina nguvu nyingi. Angalia kitu kimoja: bomba la oili la VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka. Za mwanzo zina kipande cha mpira katikati, na mpira huo ukipasuka barabarani oili yote inamwagika kwa muda mfupi sana. La chuma kitupu ndilo linalotakiwa, na kulibadilisha si kazi kubwa ukilinganisha na injini. Katika XV40 zote angalia pia dashibodi iliyopigwa na jua, kwani hunata na kung'aa kiasi cha kurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele. Na mwaka 2010 Toyota iliziita Camry za 2007 hadi 2010 zirudishwe kurekebishwa kwa ajili ya pedeli ya mafuta iliyoweza kukwama. Tumia namba ya chesisi kuhakikisha marekebisho hayo yalifanyika.

XV50, ya 2011 na kuendelea, ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi, na sioni haya kusema kwamba ni kizazi kisichosisimua. 2AR-FE haina tabia ya kula oili ya mtangulizi wake. Ukiiwasha ikiwa baridi unaweza kusikia mkwaruzo wa sekunde moja upande wa cheni. Hiyo ni gia ya VVT-i, ni kero zaidi kuliko hatari, lakini ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Pampu ya maji huvuja na kuacha utando wa waridi chini yake. Gia boksi ndiyo ya kuipima kwa makini kwenye magari ya 2012 hadi 2014: endesha taratibu kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa, pedeli ikiwa imeguswa tu, na usikilize mtetemo kama vile unapita juu ya matuta madogo. Mtetemo huo unatoka kwenye toki konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi.

Kuhusu familia kuna jambo zito zaidi. Taasisi ya Marekani ya IIHS, inayopima usalama wa magari, ilianza 2012 kupima ajali ambapo kona ndogo tu ya mbele ya gari inagonga. Camry ya 2012 ilipata alama ya chini kabisa kwenye kipimo hicho. Toyota ilirekebisha bodi, na magari ya 2014 yaliyotengenezwa baada ya marekebisho yakapanda daraja. Nje huwezi kuona tofauti. Ikiwa watoto ndio watakaokaa humo, tafuta tarehe ya kutengenezwa na uende na za baadaye. Kwangu hili halina mjadala.

XV70 ya 2017 ni gari jipya toka chini. Sasipensheni ya nyuma, inayobeba gari juu ya magurudumu, iliacha mfumo wa stratti uliotumika miaka mingi, ikawekewa mikono miwili ya wishbone, na gari linashika barabara vizuri zaidi kwenye kona. A25A-FKS ya lita 2.5 inatoa nguvu farasi 203 pamoja na gia nane, na inapuliza petroli mahali pawili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, hivyo valvu za kuingizia hewa zinaoshwa na hazijengi masizi kama za injini zinazopuliza ndani tu. Ila hata hapa soma kibati: masoko mengine yaliuziwa XV70 yenye 2AR-FE na gia sita, na hiyo imeandikwa ASV70. Si mbaya, lakini usiilipie bei ya AXVA70. Kwenye za mwanzo uliza kuhusu pampu ya petroli, kwa sababu mwaka 2020 Toyota iliziita, pamoja na modeli nyingine nyingi, kwa pampu inayoweza kusimama ghafla.

Paa la XV70 liko chini kidogo kuliko la XV50. Kama kuna mzee atakayepanda mara kwa mara, mlete aingie na kutoka mlango wa nyuma kabla hujalipa. Njoo pia na kiti cha mtoto unachokitumia, ukifunge, kisha urudishe siti ya mbele mahali dereva anapokaa kweli.

Kwenye haibridi, jua betri iko wapi. AHV40 na AVV50 zinaiweka nyuma ya siti, nayo inakula buti. Peleka mabegi yenu mjaribu. AXVH70 imeihamishia chini ya siti ya nyuma, na buti likarudi. Zote zinavuta hewa ya kupozea betri kutoka ndani ya gari, karibu na siti ya nyuma. Mulika tundu hilo. Likiwa limejaa vumbi na nywele za mnyama, betri imekuwa ikifanya kazi kwenye joto, na kabla ya kuzungumza bei itakubidi uipime kwa mashine inayosoma volti za kila kundi la seli.

Kwa familia yenye watoto na safari ndefu, chaguo langu ni ASV50 iliyotengenezwa baada ya marekebisho ya bodi, na kama fedha inaruhusu, AXVH70. ASV40 ni ya tatu na ninaiheshimu. Na kama iliyopo karibu ni ACV40 peke yake, mwombe mwenye gari akuruhusu kuchomoa plagi zote nne mbele yake. Akikataa, endelea kutafuta.