Kofia mbili kwenye meza ya mishahara: kuzuia mgongano wa maslahi kwenye timu ya walimu

Kwa timu ya walimu wa Uganda inayojadiliana mishahara na waajiri, kazi ya kuzuia mgongano wa maslahi huanza kabla ya kikao, si ndani yake. Wiki mbili kabla ya kukutana na waajiri, kila mjumbe ajaze karatasi moja kwa mkono na kuitia saini: anafundisha somo gani, ana cheo gani shuleni, ana ombi gani la kupandishwa cheo au kuhamishwa, nani wa nyumbani kwake yumo ofisi ya elimu ya wilaya au bodi ya shule, na kama ana shule binafsi au huiuzia shule yoyote vifaa. Kwenye ombi la cheo aandike liko mezani kwa nani. Mwalimu wa msingi huajiriwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, wa sekondari na Tume ya Utumishi wa Elimu. Anayesubiri barua huko hupoa ghafla mezani.

Swali la somo msilipuuze. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hulipwa shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na wa historia mwenye shahada kama yake akaachwa mbali. Pengo hilo ndilo lililozaa mgomo wa UNATU, chama cha kitaifa cha walimu, wa Juni 2022. Timu ya watu saba, watano wa sayansi, haitapigania kuliziba kwa moyo hata wakiwa waungwana. Msingoje dhamiri zao, badilini timu.

Mwalimu mkuu ni mwenzenu, ila ndiye anayewajazia fomu za tathmini. Akiwapo, vijana hunyamaza. Aje atoe maelezo ya hali ya shule, kisha aondoke kabla hamjapanga msimamo.

Siku yenyewe mwenyekiti aulize upya kabla ya kila ajenda, maana ajenda hubadilika njiani. Aliyetamka maslahi atoke nje kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: mtu hutamka, kisha hubaki "kusikiliza tu", na kikohozi chake kimoja kinatosha kugeuza kura. Katibu aandike hivi:

"Ajenda 5, posho ya walimu wakuu. Mjumbe wa tatu alitamka kuwa mkewe ni mwalimu mkuu. Alitoka saa 4:20, alirudi saa 5:05. Wajumbe waliobaki: sita. Akidi ilitimia."

Bila saa na hesabu ya akidi, uamuzi huo ni rahisi kupingwa.

Upande wa waajiri waombwe karatasi zao pia, kwa barua, kwenye kikao cha kwanza cha pamoja. Afisa aliyefungwa na Sheria ya Maadili ya Uongozi akificha maslahi yake, malalamiko hupelekwa kwa IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Halafu nauli na chakula cha mchana. Kiwango kiwe kimoja kwa wote, kisainiwe hadharani. Bahasha ya pembeni kwa mjumbe mmoja, hata ya mafuta ya bodaboda, iandikwe kwenye kumbukumbu na irudishwe siku hiyohiyo.