Jinsi ya kuipa kazi ya makaa ya mawe namba ya ISIC, kuanzia mgodini mpaka bandarini Lamu

Salamu wadau. Hii naandikia hasa vijana wanaoingiza data za biashara huku kwetu Malindi na Lamu, pamoja na wanafunzi wanaofanya risachi kuhusu ule mradi wa stima ya makaa ya mawe wa Kwasasi, Lamu, manake mafaili yanayonifikia mezani yana tatizo lile lile. Mtu akiona tu neno makaa ya mawe mahali popote, iwe ni meli, iwe ni jenereta, iwe ni ofisi ya muuzaji, anabandika 0510, ile namba ya uchimbaji wa makaa, anaenda zake. Halafu jedwali likitoka linaonyesha Lamu kuna uchimbaji wa makaa wakati hakuna hata donge moja lililowahi kuchimbwa pale. Jedwali kama hilo likifika kwenye kikao cha kaunti watu wanabishana kuhusu mgodi usiokuwepo, na mambo yanayowagusa wavuvi wa Amu na wakulima wa Hindi, huko huko Lamu, hayajadiliwi. Kwa hivyo tulieni twende polepole.

Hatua ya 1: jua unatumia kitabu gani

Sisi Kenya tunafuata ISIC, ule mpangilio wa shughuli za uchumi wa Umoja wa Mataifa, na toleo ambalo takwimu za KNBS, shirika letu la taifa la takwimu, zimejengwa juu yake ni Rev. 4 la mwaka 2008. Ufungue uone unavyoshuka: juu kabisa kuna herufi, na B ndio uchimbaji madini na mawe. Chini yake namba mbili, 05 ni makaa ya mawe na lignaiti, yaani makaa ya kahawia. Halafu tatu, 051 na 052. Mwisho nne, 0510 makaa magumu na 0520 lignaiti. Ukishaelewa kwamba unashuka ngazi kwa ngazi, nusu ya kazi imeisha. Usirukie tarakimu nne moja kwa moja hata kama unazijua kwa kichwa.

Hatua ya 2: namba anapewa kituo, sio jina la kampuni

Kampuni moja inaweza kuwa na shimo Kitui, ofisi ya mauzo Nairobi na yadi ya kuhifadhi mzigo Mombasa. Hivyo ni vituo vitatu, na kila kimoja unakiuliza peke yake: wewe hapa, kila siku, unafanya nini? Jina la kwenye bango lisikuyumbishe. Ukikuta "Coal and Energy" au "Mining Ventures" hiyo ni rangi ya ukuta tu, wewe waulize mitambo gani iko uani, mzigo unaingia ukiwa vipi na unatoka ukiwa vipi. Hayo maswali mawili ya mwisho ndio nayategemea kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kukudanganya kuhusu cheo cha biashara yake lakini mara chache atakudanganya kuhusu kilichopakiwa kwenye lori.

Hatua ya 3: ni makaa magumu au lignaiti?

Hapa usikisie kwa rangi. Omba ripoti ya maabara, kila mwenye mgodi wa maana anayo kwa sababu mnunuzi hanunui bila hiyo. Kwenye takwimu za nishati za Umoja wa Mataifa mstari unaotumika kwa kawaida ni megajuli 24 kwa kilo, yakipimwa bila jivu lakini na unyevu wake. Yaliyo juu ya hapo ni makaa magumu, 0510. Yaliyo chini yanahesabiwa makaa ya kahawia na unayapeleka 0520. Ripoti ikiwa haipo andika "haijathibitishwa" kwenye kolamu ya maelezo, usijifanye umejua.

Hatua ya 4: mgodi wa wazi au wa chini ya ardhi

Wengi hudhani ISIC inatenganisha. Haitenganishi. Mgodi wa wazi, yaani ule unaoondoa udongo na miamba ya juu mpaka tabaka la makaa libaki peupe ndipo maeskaveta na malori yaingie, na mgodi wa kuingia chini kwa mashimo marefu, yote miwili ni 0510. Sasa hii ni hasara kubwa kwa mtu anayetaka kujua athari, kwa sababu mgodi wa wazi unakula ardhi, unahamisha watu na mashamba, na wa chini matatizo yake makubwa ni mengine, gesi, kuporomoka, vumbi la mapafu.

Wenzetu wamelitatua. Uingereza kwenye mpangilio wao wa 2007 wameongeza tarakimu ya tano, 05101 ni migodi ya chini na 05102 ni ya wazi. Marekani nao tangu zamani wanatenganisha, kwenye SIC, mpangilio wao wa 1987, namba 1221 ilikuwa makaa ya bituminasi (makaa magumu ya kawaida) na lignaiti ya mgodi wa wazi, 1222 bituminasi ya chini ya ardhi, na antrasaiti, ile iliyo ngumu kuliko zote, ilikuwa na yake, 1231. Ndio maana ukisoma ripoti ya Marekani ukaiweka sambamba na ya Kenya lazima ujue kwamba ya kwao inasema zaidi ya yetu.

Ushauri wangu: ongeza kolamu yako mwenyewe kwenye eksel, uiite "aina ya mgodi", uandike W kwa wazi na C kwa chini. Haitaharibu namba rasmi na siku moja mtu atakushukuru. Ngaka kule Ruvuma, Tanzania, ungeandika W.

Hatua ya 5: kuosha na kuandaa makaa, hapa ndipo watu wanapotea

Makaa yakitoka shimoni hayauziki vizuri hivyo hivyo. Yamechanganyika na mawe, udongo, na vumbi. Kwa hivyo yanapelekwa kiwanda cha maandalizi. Kwanza yanapondwa, halafu yanapita kwenye machekeche makubwa yanayotikisika yanayagawa kwa ukubwa, kisha yanaoshwa. Kuosha kwenyewe kunategemea uzito: makaa ni mepesi, kwa kawaida mara 1.3 mpaka 1.5 ya uzito wa maji, mawe yaliyoshikana nayo ni mazito zaidi, mengi yanapita mara mbili. Basi wanatengeneza maji mazito kwa kuchanganya unga laini wa magnetaiti, madini ya chuma, wanamwaga mzigo ndani, makaa yanaelea na mawe yanazama, sawa na makapi na changarawe mama akiosha mchele. Magnetaiti inavutwa na sumaku inarudi kutumika tena. Vile vipande vidogo sana vinatenganishwa kwa povu, halafu makaa yanakaushwa na maji machafu yanaenda bwawani. (Hilo bwawa ukifika fildi uliulizie, huwa halitajwi kwenye fomu na ndilo jirani zake wanaloliogopa, na wana haki ya kuliogopa.)

Sasa mtu akiona mitambo yote hiyo, mikanda, mapipa, sumaku, bwawa, anasema hiki ni kiwanda, peleka herufi C, uzalishaji viwandani. Hapana. ISIC inasema wazi kwamba kusafisha, kupanga kwa ukubwa, kusaga na hata kushindilia makaa kwa lengo la kuyapanga, kuyaboresha au kurahisisha usafiri na uhifadhi, yote yanabaki ndani ya 0510. Lignaiti vile vile, kuosha na kukausha kunabaki 0520. Mantiki yake ni kwamba kilichoingia ni makaa na kilichotoka ni makaa, safi zaidi tu. Ndio maana nasisitiza lile swali la kuingia na kutoka. Hata anayerudi kwenye malundo ya mabaki ya zamani akachuja makaa magumu yaliyotupwa ni 0510.

Na kiwanda cha kuoshea kilicho peke yake, hakina mgodi? Wamarekani walilijibu vizuri kwenye ile 1221: kiwanda cha maandalizi kinachojitegemea kiliingia humo humo pamoja na migodi ya wazi, na mpangilio wao wa sasa umeendelea na wazo hilo. Kikiwa ni sehemu ya mgodi wa chini basi kilifuata mgodi wake. Kwetu swali hilo halisumbui, kwa kuwa kote ni 0510.

Hatua ya 6: toa visivyohusika

Hapa nawapa mnyororo mzima, mtu abandike ukutani.

Anayechimba visima vya majaribio kutafuta makaa kwa mkataba, au anayevuta maji mgodini kwa malipo: 0990. Mkandarasi aliyeitwa kuondoa udongo wa juu na kutayarisha eneo kabla uchimbaji kuanza: 4312, yuko upande wa ujenzi, na hii inawashangaza wengi. Lakini mwenye mgodi akiondoa udongo huo mwenyewe kwa katapila zake wakati anachimba, usimkate vipande, ni 0510 tu.

Makaa yakipikwa kwenye tanuri bila hewa yakawa koki ya kuyeyushia chuma ni 1910. Yakifinyangwa yakawa briketi za kuuza kama kuni za moto ni 1920. Tofauti na kule kushindilia kwa usafiri ni kwamba hapa imetoka bidhaa nyingine.

Anayenunua na kuuza kwa jumla: 4661. Meli ya mizigo baharini: 5012. Kupakua bandarini: 5224. Yadi ya kuhifadhi mzigo wa watu: 5210. Kiwanda cha saruji kinachochoma makaa kwenye tanuri lake kinabaki 2394, na wachoma chokaa wetu wa Lamu wako namba hiyo hiyo ya 2394.

Na sasa Kwasasi. Mradi wa Amu Power ulipangwa kuwa wa megawati 1,050, makaa yaanze kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, baadaye yatoke bonde la Mui, Kitui. Leseni ya mazingira iliyotolewa 2016 ilifutwa na Mahakama ya Mazingira, ile Tribunal, tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa moja ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ungejengwa, namba yake ingekuwa 3510, kuzalisha umeme. Gati lake la kupakulia lingefanya kazi ya mtambo huo huo kwa hivyo lisingepewa namba ya peke yake isipokuwa liwe kituo tofauti chenye hesabu zake. Mui ndio ingekuwa 05. Mtu anayeandika tasnifu akaita mradi wa Kwasasi "sekta ya madini" amekosea kwenye ukurasa wa kwanza, na kila jedwali analolinganisha nalo litakuwa na makosa, hata hoja yake nzuri kuhusu mikoko na samaki itapigwa chini na mwanasheria yeyote aliyesoma ISIC.

Kingine, mkaa. Wale wanaochoma mkaa msituni kwa tanuri za udongo hawamo kwenye 05 kabisa, wako 0220 pamoja na ukataji magogo. Nimeona mafaili ya bara la Malindi yamejaa 0510 kwa ajili ya watu wa mkaa. Mawe ya Maweni kule Manda na matimbo yetu ni 0810. Chumvi ya Gongoni na Marereni ni 0893. Mawe na chumvi ni herufi B lakini sio makaa.

Hatua ya 7: kituo kikifanya mambo mengi

Hapa ndipo kushuka ngazi kunalipa. Chukua mfano wa kubuni, kituo kimoja chenye thamani ya 100: kuuza kwa jumla makaa yaliyonunuliwa kwingine 40, kuchimba makaa 35, kuchimba mawe ya ujenzi 25. Ukiangalia kubwa peke yake utasema ni biashara ya jumla. Lakini unaanza na herufi: G, ambayo ni biashara, ina 40, B ina 35 na 25 jumla 60. B imeshinda. Ukishaingia B humtazami tena G. Ndani ya B unalinganisha 05 yenye 35 na 08 yenye 25, 05 inashinda, unashuka mpaka 0510. Yaani shughuli iliyokuwa ya pili ndiyo imechukua namba, na ni sahihi kabisa.

Hiyo thamani ni thamani iliyoongezwa, yaani kinachobaki ukitoa gharama ya vitu vilivyonunuliwa kufanyia kazi, sio mauzo. Najua kwenye fildi wengi hawawezi kukupa, basi tumia mauzo, na mauzo yakikosekana tumia mishahara au idadi ya wafanyakazi, lakini andika umetumia kipi, na kitumie kwa shughuli zote za kituo hicho. Usichanganye mauzo ya huku na vibarua wa kule.

Hatua ya 8: andika sentensi moja na toleo

Kando ya kila namba weka maelezo mafupi yenye kitenzi. Mimi naandika hivi: "Anachimba makaa magumu mgodi wa wazi, anaponda na kuosha hapo hapo, anauza kwa viwanda vya saruji. 0510, ISIC Rev. 4, W." Mtu mwingine akifungua faili lako baada ya miaka ataweza kukagua bila kukupigia simu.

Toleo usilisahau kamwe. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha Rev. 5 mwaka 2023 na nchi zinahamia kidogo kidogo, kwa hivyo kuna kipindi mafaili ya aina mbili yatakuwa kwenye kompyuta moja. Na Marekani mgodi ule ule wa wazi wa makaa ya bituminasi uliokuwa 212111 kwenye matoleo ya nyuma ya NAICS, mpangilio wao wa sasa, ukawa 212114 kwenye ya 2022, walipounganisha antrasaiti na makaa mengine. Ukivuta data yao ya miaka kumi bila kuangalia toleo utaona sekta nzima imekufa ghafla na nyingine imezaliwa. Kabla hujachora grafu yoyote panga kwanza faili kwa kolamu ya toleo, tengeneza jedwali dogo la namba ya zamani na mpya, ndipo uunganishe.