Kabla Mhusika Hajafa: Maandalizi ya Kisa cha Jahazi Lamu

Kundi linalotaka kucheza mezani kisa cha mabaharia, kila mchezaji akiigiza mhusika wake, msimamizi akisimulia na dadu likiamua, jahazi likitoka Lamu kuelekea Pate, likubaliane kuhusu kifo kabla ya dadu la kwanza kurushwa. Mhusika akishaanguka, sheria yoyote mpya itaonekana upendeleo.

Waulizeni wachezaji wasichotaka kabisa kukisikia. Kuzama, hasa: pwani hii mezani huenda yupo aliyefiwa na mtu baharini. Wengine hawapendi habari za kufufua wafu hata kwa mchezo, basi ziondoeni.

Kanuni nazo zisomwe kwa sauti. Katika mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, toleo la 2014, mhusika ambaye pointi zake za uhai zimefika sifuri hurusha dadu la pande 20 kila zamu yake inapoanza. Kuanzia 10 kwenda juu amefaulu, chini ya hapo amefeli. Kufeli mara tatu ni kifo. Kufaulu mara tatu, ametulia ingawa hajapata fahamu. Ikitoka 1 amefeli mara mbili, ikitoka 20 anaamka na pointi moja. Arushe kwa siri, ajue yeye na msimamizi tu. Wenzake wakijua amefeli mara moja tu, watamaliza kwanza vita vyao ndipo wamkumbuke. Uganga wa haraka wa kumrudisha aliyekufa hutaka almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu, tena ndani ya dakika moja tangu afe, kwa hiyo msimamizi aamue mapema kama almasi hiyo inapatikana bandarini.

Kila mchezaji aje na karatasi mbili za wahusika, moja ya anayemcheza na moja ya akiba. Mhusika wa akiba awe tayari chomboni, mpishi au sarahangi, na jina lake litajwe tangu mwanzo. Katikati ya bahari hapatokei mgeni, na mchezaji asiye na akiba atakaa saa mbili akitazama simu.

Kisha andaeni anachokiacha marehemu: deni, ufunguo, barua. Hapa pepo za msimu zinasaidia kuliko uganga wowote. Mhusika wa Maskati akifia Pate mwezi wa Disemba, kaskazi ikivuma, majahazi ya kurudi Arabuni yatangoja kusi, karibu Aprili. Miezi hiyo yote kwao bado yu hai: mkewe anamngoja, wadai wanahesabu riba, na mwenzake mmoja chomboni anaweza kuanza kutia sahihi kwa jina lake.