Darasa la mazoezi limeteka bwawa la estate yenu? Anzia hapa

Jumamosi asubuhi unashuka na watoto, taulo begani, unakuta kina mama kama kumi na tano wamejaa upande wa kina kifupi, spika iko juu ya kiti inapiga mpaka ghorofa ya tatu, na kocha anahesabu moja mbili tatu. Kwetu hapa Kyanja, Kampala, mwanangu alisimama pembeni karibu saa nzima ameshika miwani yake ya kuogelea. Iliniuma sana nikafoka mbele ya watu wote, na hilo ndo kosa ambalo nakuomba usilifanye.

Kwanza jua unalalamikia nini. Majirani watatu wakifanya aerobiksi pamoja, hao ni wakazi kama wewe, waache. Ila kocha akileta watu wa nje na kukusanya pesa, hiyo ni biashara kwenye mali ya wote, hapo una hoja. Kaa wiki mbili uandike siku, saa, idadi ya watu, na muombe meneja muangalie kitabu cha wageni cha askari wa getini. Usipige watu picha wakiwa na nguo za kuogelea tafadhali, kesi itakugeukia wewe.

Halafu mtafute kocha siku isiyo na darasa, mkiwa wawili tu. Mwambie, "Dada, mazoezi hatukatai, tunaomba upande mmoja ubaki wazi kwa watoto." Na umaanishe, maana maji yanabeba uzito wa mwili, mama mwenye goti bovu anaruka mle bila maumivu ambayo angeyapata kwenye sakafu, mimi nimemuona jirani yangu anayepanda ngazi kwa kushika ukuta akicheza mle kama msichana. Kulifuta darasa kabisa sio haki.

Ikishindikana andika barua kwa kamati, ukurasa mmoja unatosha. Omba ratiba ibandikwe getini, idadi iwe na kikomo, spika ishushwe. Ila mkazie hapa: mtu akiteleza akavunjika, nani anawajibika? Kocha aandike jina lake kwamba ni yeye. Na achangie dawa ya maji, kwa sababu jasho na mafuta ya mwili vinakula klorini, watu wakiwa wengi inaisha haraka na gharama inarudi kwenye ada tunayolipa sisi wote.

Kama ni kondo, yaani jengo moja ambalo kila mtu anamiliki nyumba yake ndani, sheria ya kondominiamu ya Uganda ya 2001 inawatambua wenye nyumba kama chombo kimoja chenye kanuni zake, kwa hiyo kama wewe ni mpangaji pitia kwa landilodi wako, kura ni yake. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, muiteni kusuluhisha pale kamati ikikaa kimya tu, polisi msifike huko.

Kwetu sasa darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, kamba imefungwa katikati ya bwawa. Jumamosi ni ya watoto.