Kuandaa kyubiti ya spini kwenye kompyuta ya shule, Kigoma

Friji ya kushusha joto hadi kelvin 0.02 hatuna Kigoma. Lakini hesabu inayoamua kama elektroni itaanza na spini (usumaku wake mdogo, unaoelekea juu au chini) unayoitaka inafanyika kwenye LibreOffice Calc, bila hata bando. Mwongozo huu ni wa walimu wa fizikia na vijana wa PCM kidato cha sita. (Hifadhi faili kila hatua, umeme usije ukakukatikia katikati.)

Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza elektroni moja iliyonaswa kwenye nukta ya kwanta ndani ya nusukipitishi itumike kama kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta. Uga wa sumaku huipa ngazi mbili za nishati. Kuandaa ni kuhakikisha iko ngazi ya chini kabla hujaigusa.

Hatua ya 1. Kwenye A2 andika g, namba inayoonyesha jinsi spini inavyoitikia uga wa sumaku: 2 kwa silikoni, 0.44 kwa galiamu asenaidi (g yake ni hasi, ila hapa tunataka ukubwa tu). B2 ni uga kwa tesla, weka 1. C2 ni joto la elektroni kwa kelvin, weka 0.1.

Hatua ya 2. D2: =57.88*A2*B2/(86.17*C2). Huu ni uwiano wa pengo la ngazi kwa nishati ya joto. Silikoni hutoa 13.4, galiamu asenaidi 2.96. Ukiona 0.0134, umeingiza milikelvin badala ya kelvin.

Hatua ya 3. E2: =1/(1+EXP(D2)). Hii ni sehemu ya elektroni zitakazokutwa ngazi ya juu ukiziacha zitulie zenyewe. Galiamu asenaidi inatoa 0.0495, yaani karibu 5 kati ya 100. Weka sasa 0.02 kwenye C2: kosa linashuka chini ya moja kwa milioni. Matokeo hayo yanavutia, ila si ya kweli. Hiyo 0.02 ni joto la friji. Elektroni hupata joto la ziada kupitia nyaya, na mara nyingi hubaki karibu na 0.1.

Hatua ya 4. Kutulia kwenyewe huchukua muda mrefu mno, kwa hiyo maabara hutumia hifadhi ya elektroni iliyo jirani na nukta. Volti ya geti (elektrodi iliyo juu ya nukta) hurekebishwa mpaka usawa wa Fermi wa hifadhi, yaani kimo cha nishati ambacho elektroni zake zimejaa, ukae katikati ya ngazi mbili: elektroni ya juu inatoka, ya chini inaingia na kubaki. Fikiria vidato viwili vya kushukia majini pale Kibirizi. Ziwa likitulia, maji hufunika cha chini tu. Upepo ukivuma, cha juu kinalowa na cha chini kinaachwa wazi mara kwa mara. Huko kuachwa wazi ndiko wengi wanakosahau. Rudisha C2 iwe 0.1, kisha F2: =1/(1+EXP(D2/2)+EXP(-D2/2)). Galiamu asenaidi: nukta iko tupu asilimia 18 ya wakati! Ukiishusha ngazi baada ya hapo, nukta tupu inajazwa na spini yoyote, na nusu yake ni kosa. Panda hadi tesla 3, utupu unashuka hadi asilimia 1.2. Silikoni kwa tesla 1 inatoa asilimia 0.12 tu.

Hatua ya 5. Subiri elektroni ipenye. Kwa kasi ya mara 10,000 kwa sekunde, baada ya mikrosekunde 500 bado kuna nafasi ya =EXP(-5), asilimia 0.67, kwamba haijaingia. Subiri 1,000.

Hatua ya 6. Geuza spini kwa mikrowevu. Silikoni kwenye tesla 1 inahitaji karibu gigahezi 28. H2 ni kasi ya mgeuko kwa megahezi, I2 ni mkengeuko wa masafa (tofauti kati ya masafa ya mikrowevu na yale elektroni inayoyahitaji, kwa megahezi), G2 ni muda kwa mikrosekunde. J2: =H2^2/(H2^2+I2^2)*SIN(PI()*SQRT(H2^2+I2^2)*G2)^2. Kwa H2=1, I2=0, G2=0.5 unapata 1, mgeuko kamili. Weka I2=1: hata ubadilishe muda vipi, hupiti 0.5. Kwenye galiamu asenaidi mkengeuko huo huletwa na viini vya atomi, ambavyo vyote vina spini. Kwenye silikoni ya kawaida ni asilimia 4.7 tu ya viini vyenye spini, vile vya silikoni-29, ndiyo maana maabara husafisha silikoni-29 iondoke.