Jinsi ya Kuomba Nafasi katika Kongamano la Mafunzo ya Uchapleni

Chapleni ni mhudumu wa kiroho anayetumwa na jumuiya yake ya imani kufanya kazi nje ya nyumba ya ibada: hospitalini, gerezani, chuoni au katika kambi ya jeshi. Kwa kuwa anawajibika kwa waliomtuma na pia kwa taasisi inayompokea, maombi yake huangaliwa kwa jicho la pande zote mbili.

Kwanza, soma tangazo la kongamano hadi mwisho, ukitafuta jambo moja: je, ni kongamano la utangulizi, au saa zake zinatambuliwa katika mafunzo rasmi? Mafunzo ya kichungaji ya hospitalini, ambayo mchungaji Mmarekani Anton Boisen aliyaanzisha mwaka 1925 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, leo nchini Marekani hugawanywa katika vipindi vya saa zisizopungua 400 kila kimoja, chini ya msimamizi aliyeidhinishwa. Mikutano ya siku chache haiwezi kuzifidia saa hizo, hata cheti chake kikiwa na mihuri mingapi.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo huchelewesha wengi, ni kupata barua ya idhini kutoka kwa mamlaka ya dini yako. Barua hiyo si sawa na ya mtu anayekufahamu tu. Inapaswa kutolewa na mwenye mamlaka ya kukutuma, ikieleza nafasi uliyo nayo katika jumuiya, muda uliohudumu, na kwamba jumuiya inakubali uhudumu kwa niaba yake. Baadhi ya madhehebu hayatoi barua ya namna hii mpaka kamati ikae, kwa hiyo iombe kabla hujagusa fomu yenyewe.

Wakati unaisubiri, andika maelezo yako binafsi. Waombaji wengi hujaza kurasa kwa habari za wito wao na mahubiri waliyotoa, ilhali msomaji anataka kujua kama unaweza kukaa kando ya mtu mwenye uchungu bila kumkatiza, kumhukumu wala kumvuta aingie katika dini yako. Eleza tukio moja ulilomhudumia mtu, ulichosikia, ulichojibu, na ambacho leo ungekifanya kwa namna nyingine. Ficha jina lake na lolote linaloweza kumtambulisha, kwani anayemwaga siri ya mgonjwa ndani ya barua ya maombi amekwisha kujiangusha mwenyewe. Ikiwa umewahi kuugua au kufiwa, unaweza kulitaja hilo kwa kiasi. Boisen mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili, na uzoefu huo ndio uliomwelekeza kwenye kazi hii. Hata hivyo, kidonda ambacho bado kibichi ni bora kikazungumzwe kwanza na mshauri wako.

Vinavyobaki ni vya kawaida: nakala za vyeti vya elimu, wasifu, majina ya wadhamini waliokubali kutajwa, na hati ya polisi ya tabia njema pale inapotakiwa. Jina lako liandikwe kwa namna moja katika nyaraka zote. Lipa ada kwa njia iliyotajwa na waandaaji pekee, kisha utunze risiti.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia kuulizwa utafanya nini mgonjwa asiye na dini akikuomba ukae naye, au mfungwa akikueleza nia ya kujidhuru. Katika swali la pili usiahidi usiri usio na mpaka: sema ungefuata utaratibu wa taasisi wa kuokoa uhai, na kwamba ungemweleza mhusika hivyo.

Ukikubaliwa, thibitisha nafasi yako kwa maandishi, na siku zote za kongamano utie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Cheti kikitolewa, hakikisha kinaonyesha idadi ya saa na mada zilizofundishwa, kisha peleka nakala kwa mamlaka iliyokuandikia barua, ambayo ndiyo utakayoirudia utakapoomba mafunzo marefu.